Shafti ya Mama Koleta

Jumatatu, 5 Mei

Manyunyu tangu alfajiri. Ukungu umefunika milima ya Udzungwa mpaka saa tatu. Baridi kidogo.

Nimefika karakana saa moja na robo. Nimefagia, nimeipaka oili mashine ya kukereza chuma, nimefuta venia ninayopimia unene wa vyuma. Mdomo wake mmoja una jeraha la zamani. Kila asubuhi kidole changu kinapita hapo.

Kazi ya leo ni moja tu, kunyoosha stendi ya pikipiki. Dakika ishirini. Baada ya hapo nimekaa.

Mzee Fulgensi naye amekaa, mbele ya tanuri lake lisilo na moto. Yeye ndiye anayeyeyusha shaba na kutengeneza bushi, ile pete nene ambayo shafti, mhimili wa mashine, inazunguka ndani yake. Anayeyusha mabomba mabovu na redieta za magari. Tanuri halijawashwa tangu kabla ya Krismasi.

Mchana Twaha amepiga simu kutoka Dar. Anataka orodha ya mali yote. Hajasema ya nini. Ni mtoto wa marehemu Mzee Hamza, na karakana sasa ni yake.

Nimeanza na ukuta wa vipande. Ni desturi ya tangu enzi za Mzee Hamza: ukileta chuma kilichokatika tukakutengenezea kipya, cha zamani hakirudi kwako. Kinafungwa karatasi yenye jina lako na kutundikwa kwenye msumari. Kikikatika tena, mfano upo. Nimeorodhesha misumari themanini na mitatu, yote na majina. Wengine wameshakufa.

Nimelala saa tatu na nusu.

Alhamisi, 8 Mei

Jua. Barabara imeanza kukauka.

Twaha amekuja na gari jeupe. Karakana inafungwa mwisho wa wiki ijayo. Vyumba vya wageni alivyojenga nyuma mwaka jana vinajaa, na karakana itakuwa mapokezi na mgahawa.

Hakusema kwa ubaya. Alisema, "Dada Stazia, siku hizi shafti inanunuliwa dukani kama soda. Nani atakaa siku tatu anakusubiri wewe ukereze?"

Nikamwambia za dukani hazidumu.

"Hazidumu, lakini ni rahisi. Ikifa ananunua nyingine. Watu wanataka kulala, kula na kutuma hela. Hivyo ndivyo vinavyotembea."

Mwezi mzima nimefanya kazi sita, na mbili kati yake zilikuwa stendi za pikipiki.

Akaniambia nikae mapokezi. Nina mwandiko mzuri, sichelewi, na mishahara ya kule inatoka kila mwezi. Mzee Fulgensi atakuwa mlinzi. Nimesema nitafikiri. Uongo. Nilikuwa nimeshakubali kabla hajamaliza. Nina miaka arobaini na sita, na mgongo unauma.

Ninajichukia kidogo kwa sababu nilifurahi.

Jumamosi, 10 Mei

Mawingu, halafu jua kali.

Nimepita kibandani kwa Jeni, mwanangu, pale karibu na stendi. Ni wakala wa pesa za simu, anatoa nakala, anapiga picha za pasipoti, na mchana anapaka watu kucha. Anapata kuliko mimi tangu mwaka juzi. Nimemweleza habari ya mapokezi. Amecheka mpaka mteja wake akacheka.

"Mama atawapokea wageni na venia. Anakupima kwanza, ukizidi hulali."

Nimecheka na mimi. Kisha akasema kwa upole kwamba angalau nitakaa chini ya feni.

Nimerudi kwa miguu nikitazama. Palipokuwa pa kukamua mafuta ya alizeti sasa ni saluni. Pa mzee wa majembe ni chipsi. Pa mafundi seremala wawili ni duka la makochi yanayokuja yameshafungwa nailoni. Kote kuna watu, kuna muziki na taa. Sikuona mahali penye huzuni. Huzuni ninayo mimi tu.

Redio jioni imesema sekta ya huduma inakua. Nimeamini. Nimetoka kuiona.

Jumatano, 14 Mei

Mvua fupi saa kumi na moja alfajiri. Baadaye joto.

Wanunuzi wa chuma chakavu wamekuja na mizani. Twaha ameniuliza vipande vya ukutani tunafanyaje.

Nikasema wachukue.

Naandika jinsi ilivyokuwa, nisije nikajidanganya baadaye. Mzee Fulgensi alisimama akasema vile vipande ni vya watu, viachwe hata stoo. Mimi nikajibu mbele ya wote kwamba vipimo vyote ninavyo. Nikatoa daftari la kijani. Miaka ishirini na moja ya kazi, kila kipande kina jina, tarehe, urefu na unene. Twaha akalifungua akapiga mluzi. "Hii ndiyo kompyuta."

Nilijisikia mkubwa.

Mzee Fulgensi akasema, "Karatasi haizunguki, Stazia." Akaenda kunywa maji.

Wameng'oa vipande kwa nyundo. Karatasi za majina zimebaki chini, nikazifagia. Kisanduku cha vifaa vidogo nacho kilikwenda, na venia ndani yake. Nilimwona kijana akikirusha kwenye gari. Nikaendelea kufagia. Niliwaza ni ya zamani, mdomo umeharibika.

Ijumaa, 16 Mei

Hali ya hewa nzuri. Upepo.

Mashine ya kukereza imeondoka. Wanaume tisa, magogo na kamba. Imebaki sakafu yenye matundu manne ya bolti, na doa la oili lenye umbo lake.

Sikulia. Nilikuwa na kazi ya kufunga lango.

Jumatatu, 9 Juni

Baridi ya asubuhi. Nimevaa sweta chini ya sare.

Siku ya kwanza mapokezi. Vigae vyeupe, harufu ya rangi. Meza yangu iko pale ilipokuwa mashine. Sikuomba, ndivyo fundi wa umeme alivyoweka soketi. Misumari kumi na minne ya ule ukuta imeachwa, inatundikiwa funguo za vyumba.

Wageni wa leo: watu wa semina, watano. Mzungu mmoja na mkewe wanaoelekea Mang'ula kuona nyani na maporomoko. Dereva wa lori la mchele. Nimeandika majina yao, wametoka wapi, wanakwenda wapi. Kazi ni nyepesi. Saa nane nilikuwa nimeshamaliza kila kitu, nikakaa nikitazama mikono yangu. Ni safi. Haijawahi kuwa safi siku ya Jumatatu.

Mzee Fulgensi ameingia zamu jioni na koti la ulinzi linalomfika magotini. Nikampa shikamoo. Akajibu marahaba, halafu akasema, "Zamani nililinda moto, sasa nalinda kandambili za wageni."

Jumanne, 17 Juni

Jua. Vumbi. Malori ya mpunga yanapita mfululizo.

Saa nne Mama Koleta amepiga simu kutoka Mofu. Ana mashine ya kukoboa, ya pekee kwa upande wake wa kijiji. Shafti imekatika. Ni katikati ya mavuno, magunia ya watu yamejaa hadi nje. Mashine ni ya zamani sana, vipuri vyake haviuzwi popote. Shafti nilimkerezea mimi, na bushi zake alizimwaga kwa shaba Mzee Fulgensi.

Hakujua kuwa tumefunga. "Fundi wangu, naipakia kwenye pikipiki sasa hivi, niletee nyingine Alhamisi."

Nimemweleza. Kisha akasema, "Sasa mimi nitakwenda wapi?"

Nikamwambia asihangaike kuileta. Iliyokatika imelika, haipimiki vizuri, na vipimo vyake ninavyo. Kuna karakana kubwa Morogoro, nawatumia vipimo kwa simu leo leo. Tutaokoa siku mbili.

Amenishukuru mara tatu.

Nimefungua daftari la kijani kwenye meza ya mapokezi. Ukurasa wa hamsini na mbili. Koleta, Mofu. Unene sehemu ya bushi, milimita thelathini na nane nukta sita. Nimepiga picha ukurasa, nimetuma. Mgeni wa chumba namba tatu alikuwa anasubiri ufunguo wake. Nilimwacha asubiri. Kwa dakika kumi nilikuwa fundi tena, na ilikuwa tamu.

Jumamosi, 21 Juni

Baridi hadi saa nne.

Shafti imefika na basi la usiku. Kazi safi, chuma kizuri, inang'aa. Nimeibeba mwenyewe kutoka stendi, nikamfungia dereva wa pikipiki aipeleke kwa Mama Koleta. Mgongo umeuma, sikujali.

Saa tisa alasiri amepiga simu. Haiingii.

Nimemwambia waisafishe, wapake grisi. Baada ya nusu saa amepiga tena. Haiingii. Sauti za wanawake zilisikika nyuma yake. Mmoja alisema, "Mwambieni fundi tumeshachoka kuyatazama magunia."

Nimewapigia Morogoro. Yule fundi alikuwa mtaratibu. Alinisomea kipimo alichochukua kabla ya kuituma, nikiwa hewani. Thelathini na nane nukta sita, kama nilivyoandika.

Sijala.

Jumanne, 24 Juni

Jua. Upepo wa kusini, vumbi jingi njiani.

Nimeomba ruhusa kwa Twaha. Nimenunua venia mpya, tupa mbili na msasa, nimepanda pikipiki mpaka Mofu.

Magunia yalikuwa yamepangwa kama ukuta kuzunguka kibanda cha mashine. Wanawake kama kumi na watano kivulini. Wengine walikuwa wameshaleta vinu, wanatwanga. Nikasalimia. Bibi mmoja akaniuliza kama nimekuja kukoboa au kutwanga, maana mchi wa ziada upo. Wakacheka. Hawakuwa wakali. Ingekuwa rahisi kama wangekuwa wakali.

Nimepima tundu la bushi. Thelathini na nane, na unywele wa nafasi. Nimepima mara nne. Daftari linasema thelathini na nane nukta sita. Mzee Fulgensi alimwaga hizi bushi wiki ileile, na mimi ndiye niliyezitoboa kwa mashine ileile na venia ileile, na shafti yangu iliingia na ikazunguka miaka kumi na moja.

Nilikaa chini kwenye makapi. Hapo ndipo nilipoielewa venia.

Iliniponyoka mimi. Mwaka wangu wa kwanza, mwezi wa pili, kabla sijaanza daftari. Ilianguka kwenye zege na mdomo ukapinda. Tangu hapo ukiifunga haifiki sifuri, na kila kitu inakisoma kinene kuliko kilivyo. Niliogopa kufukuzwa. Nikaifuta, nikairudisha kwenye kisanduku, sikumwambia mtu. Wiki za mwanzo nilihofia kila kipande kitarudi. Hakikurudi hata kimoja. Nilipima cha zamani kwa kipimo kilichopinda, nikakereza kipya kwa kipimo hichohicho, vikalingana. Shafti za kuingia kwenye beringi za dukani nilikuwa nazijaribisha humohumo kwa mkono tu, bila kuamini namba. Nikaacha kuhofia. Nikasahau kwamba nilihofia.

Kwa hiyo daftari lote limepinda. Lilikuwa kweli ndani ya chumba kile tu, pamoja na chombo kile na mashine ile. Na vipande, ambavyo havina uongo, mimi ndiye niliyesema wavichukue.

Ningepaswa kuishia hapo. Ningesema ukweli, shafti irudi Morogoro ikapunguzwe, siku nne nyingine. Mama Koleta aliniuliza, "Inawezekana leo?" Wanawake wote walikuwa wananitazama.

Nikasema inawezekana.

Nimepiga tupa na msasa kwa muda wa saa tano, nikigeuza shafti juu ya mbao mbili. Chuma kinachotakiwa kuwa duara hakipigwi tupa kwa mkono. Najua. Nimewafundisha watu hivyo. Lakini kiliingia. Saa nane injini ikawashwa na mchele ukatoka, mweupe, na bibi yule akapiga kigelegele kifupi. Nilichota mchele mkononi. Nilijiona nimepona.

Saa kumi kasoro harufu ya kuungua. Nikapiga kelele wazime. Hawakuwahi. Bushi ilipasuka vipande viwili, shafti ikacheza ikagonga mtungi, lile ganda la chuma la mashine, na mtungi ukapata ufa.

Bushi ile haiwezi kutengenezwa tena. Tanuri limevunjwa, palipokuwepo pana sinki la kunawia mikono.

Mama Koleta alikitazama kibanda. Kisha akasema, "Umejitahidi, fundi wangu." Akanipa maji ya kunawa.

Sijui nimelala saa ngapi.

Alhamisi, 26 Juni

Mawingu mazito bila mvua.

Nimemweleza Mzee Fulgensi kila kitu, alipoingia zamu. Hata kuhusu kuiangusha. Nilitaka anikemee.

Akasema kama ningesema siku ile, Mzee Hamza angenikata siku mbili za mshahara na kununua nyingine Morogoro. "Alikuwa mkali kwa maneno tu." Halafu akasema bushi ya Mofu ilikuwa nzuri, aliyeyusha bomba zito la shaba kutoka misheni. Aliikumbuka. Anakumbuka kila moja.

Wageni wawili walifika akaenda kuwafungulia lango.

Jumapili, 6 Julai

Baridi. Jua la baadaye.

Jeni ametoka Mofu, alikwenda kumwandikisha wakala mpya. Wakala mwenyewe ni Mama Koleta. Mashine ya kukoboa ameiuza kwa watu wa chuma chakavu. Injini ameibakiza, ameiunganisha na jenereta. Kibanda sasa kinachaji simu, kinauza soda za baridi, na kinaonyesha mpira jioni. Jeni anasema kimejaa watu.

"Analalamika?" nimemuuliza.

"Hapana, Mama. Anasema kelele ni kidogo."

Mpunga wa upande ule sasa unapakiwa kwenye malori kama ulivyo, unakobolewa huku mjini au mbali zaidi. Mchele unarudi dukani kwao kwenye mifuko iliyochapwa picha ya shamba. Jeni amenionyesha mfuko mmoja, alioununua njiani. Tumeupika. Ulikuwa mzuri. Nimekula nikiwa na aibu.

Huenda kibanda kingefungwa hata kama shafti ingeingia. Mwaka huu au mwaka ujao. Twaha angesema hivyo, na sidhani kama angekosea. Lakini hakikufungwa na mwaka ujao. Nilikifunga mimi, kwa tupa.

Jumapili, 13 Julai

Ukungu mpaka saa mbili, kisha anga safi. Milima ilionekana yote, mpaka upande wa Sanje.

Saa tano Mama Koleta aliingia mapokezi. Alikuwa amekuja kumuona mgonjwa hospitali. Nilisimama nikampa shikamoo, akaitikia, akakaa kwenye kochi jipya akalibonyeza kwa mkono. Alisema pazuri. Aliuliza mashine ilikuwa wapi, nikamwonyesha meza yangu. Alitikisa kichwa. Tulikunywa chai. Niliomba msamaha, nikamwambia na habari ya venia. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Shafti ile ya kwanza ilinikobolea miaka kumi na moja," alisema. "Na hiyo nayo uliipima kwa venia hiyohiyo."

Kisha akafungua kanga aliyokuwa ameibeba mgongoni kama mtoto. Ndani kulikuwa na kipande kirefu cha ile shafti ya zamani, iliyokatika mwezi wa sita. Alisema watu wa chuma chakavu walikitaka, akawakatalia. Cha zamani hakirudi kwa mwenyewe, kinakaa kwa fundi. Akauliza, "Si ndivyo mlivyotuzoesha?"

Nilikipokea kwa mikono miwili. Akafunga kanga yake, akaondoka kuwahi gari.

Nimekipima kwa venia mpya. Sehemu ya bushi imelika mpaka thelathini na saba nukta nne. Mwisho mmoja, ambako haikugusana na kitu, bado ni thelathini na nane kamili. Alama za kisu cha mashine yangu zinaonekana, mistari midogo, imepangana sawasawa.

Nimekata karatasi nikaandika. Koleta, Mofu. Thelathini na nane. Nimekifunga kwa waya nikakitundika kwenye msumari wa kumi na nne, ambao hauna ufunguo kwa kuwa kitasa cha chumba hicho bado hakijaletwa. Mzee Fulgensi alipoingia zamu alikiona. Alikigusa, akaenda langoni.

Jioni nilichukua daftari la kijani na kalamu nyekundu. Ukurasa wa kwanza. Punguza nukta sita. Mstari unaofuata, punguza nukta sita. Nimefika ukurasa wa tisa. Hakuna atakayeuliza. Wageni wa chumba cha pili wamerudi kutoka mlimani, wamechoka, wamefurahi, wameomba maji ya moto.

Nimelala saa nne na dakika kumi.